Nipimie ya Mia Tano

Wapo wanaoingia dukani wakataja kilo, na wapo wanaotaja pesa. "Nipimie sukari ya mia tano." "Mafuta ya mia tatu." "Sabuni kipande kimoja." Mwenye duka anachota, anamimina, anakata mche wa sabuni kwa kisu, na mteja anaondoka bila kujua amebeba gramu ngapi. Anachojua ni kwamba mia tano yake imetosha chai ya asubuhi.

Upande mwingine wa jiji hilohilo la Dar es Salaam, mteja anasukuma kitoroli, anachukua mfuko wa kilo tano, anatoa kadi ya pointi na kupewa punguzo. Kati ya hao wawili yupo mtengenezaji, anayepunguza ujazo wa pakiti kimyakimya huku akibuni toleo la hali ya juu kwa wachache. Juu yao ipo serikali, inayopiga marufuku hiki, kutoza kile na kuruhusu kingine. Tumezoea kuyazungumza mambo haya mbalimbali: anasa leo, pakiti ndogo kesho, siasa ukifika wakati wa bajeti. Kwangu mimi ni jambo moja. Mwenye pesa kidogo anauziwa kwa bei kubwa kuliko mwenye pesa nyingi, na hilo halikushuka kutoka mbinguni. Linaamuliwa na watu, na watu wanaweza kuamua vingine.

Si kila mtu anakubaliana nami, kwa hiyo nimewaketisha wanne barazani wabishane. Hawana majina kwa sababu nimewaunda kutokana na hoja ninazozisikia sokoni, maofisini na ndani ya daladala. Mangi ana duka la rejareja Mbagala. Mama Ntilie anapika karibu na duka hilo. Afisa Masoko ni binti aliyeajiriwa na kiwanda cha bidhaa za nyumbani. Mzee Mwalimu alifundisha uchumi hadi alipostaafu. Kila mmoja nimemwachia hoja yake bila kuipunguza makali.

MAMA NTILIE: Naanza mimi, maana nimeacha maharage motoni. Kununua kidogo hakunisumbui, nimenunua kidogo maisha yangu yote. Alfajiri nachukua unga kilo mbili, mafuta robo, mkaa makopo mawili, nyanya fungu. Jioni nikifunga mauzo nalipa deni, nabakiza mtaji wa kesho. Kinachoniuma ni kwamba nikijumlisha mwezi mzima, nimeshanunua gunia zima kwa bei ambayo hakuna mnunuzi wa gunia aliyewahi kulipa.

MANGI: Hapo unanisema mimi, mama. Basi tupige hesabu mbele ya watu. Tuchukulie mfuko wa sukari wa kilo 50 nimeujumua kwa shilingi 130,000. Ni 2,600 kwa kilo. Anayetaka kilo nzima namuuzia 2,900. Anayetaka robo, 750. Wewe wa mia tano nakuchotea gramu 160 hivi. Ukizirudisha kwenye kilo, umelipa 3,125. Mwenye kilo amenipa faida ya 300, wewe umenipa 525. Unaniona mwizi. Lakini kuimaliza kilo moja kwa wateja wa mia tano nawahudumia watu sita, nakunja karatasi sita, natafuta chenji mara sita, na sukari inadondoka kila ninapochota. Nasimama dirishani toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku. Kodi ya fremu inanisubiri. Na daftari la madeni unalijua, jina lako limo.

MAMA NTILIE: Limo, na nalipa.

MANGI: Unalipa. Wengine walishahama mtaa.

MZEE MWALIMU: Hesabu ya Mangi iko sawa, na ndiyo maana inatisha. Mama amelipa asilimia 20 juu ya bei ya jumla, na hakuna aliyemwibia. Hiyo ni adhabu ya kutokuwa na 130,000 kwa mkupuo. Mwenye nazo anajumua, anaweka stoo, na bei ikipanda kesho inamkuta ameshanunua. Asiye nazo kila bei mpya inamkuta siku ileile. Tunasema watu wa chini wanapenda vitu vya bei rahisi. Wananunua ghali kuliko sote, ila wananunua kwa sarafu.

AFISA MASOKO: Mzee, naomba nitetee upande wangu kabla haujazikwa. Miaka ya 1980 huko India, shampuu ilikuwa kitu cha wenye uwezo wa kununua chupa. Wakatokea watengenezaji wadogo wakaiweka kwenye vipakiti vya kutumia mara moja, kwa bei ya sarafu. Makampuni makubwa yalifuata baadaye. Mwaka 2004 profesa C. K. Prahalad akaandika kitabu kizima kueleza kwamba watu wa kipato cha chini ni soko, na wanastahili kuhudumiwa kama wateja badala ya kuhurumiwa. Tazama na majirani zetu Kenya. Mwaka 2020 Safaricom walianza kuuza simu janja za Lipa Mdogo Mdogo, unatanguliza kidogo kisha unalipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Muuza mboga akapata intaneti. Pakiti ndogo na malipo madogo ndivyo vilivyobomoa ukuta wa anasa. Mkivipiga vita mnaurudisha ukuta.

MAMA NTILIE: Mwanangu, hiyo simu usipolipa inajifunga. Siku mauzo yamelala, ndiyo siku unayohitaji kumpigia mtu wa kukukopesha, na ndiyo siku simu inakataa. Yule aliyenunua taslimu simu yake haimfungii mlango.

AFISA MASOKO: Kweli. Lakini asingekuwa na simu kabisa.

Naingilia hapa, kwa sababu hoja ya binti huyu ina uzito kuliko wakosoaji wengi wanavyokubali. Mafuta ya robo, dawa ya meno ya kipakiti na kifurushi cha intaneti cha saa chache vimewaingiza sokoni watu waliokuwa wakitazama kwa mbali. Vocha zilipokuwa za bei ya juu tu, simu ilikuwa ya bosi. Kosa liko kwenye hatua inayofuata: kampuni ikishajua kwamba mteja huyu hana njia nyingine, haina haraka ya kumshushia bei. Mlango aliofunguliwa unageuka kuwa kibanda cha kukusanyia ushuru, na ushuru unalipwa kila siku.

Sasa nikamuuliza Afisa: kama pakiti ndogo ndiyo ukombozi, mbona ofisi yenu inatoa pia toleo la kifahari, boksi lenye maandishi ya dhahabu, linalouzwa Masaki na Oysterbay tu?

AFISA MASOKO: Kwa sababu katikati pameisha. Zamani tulitegemea mteja wa kati, mwalimu, karani, nesi, aliyenunua pakiti ya kawaida kila mwisho wa mwezi. Maisha yakabana. Wengine wakashuka wakawa wateja wa kupimiwa, wachache wakapanda. Tukibaki katikati tunauza kwa kivuli. Huku juu mteja halipii gramu, analipia kujulikana kwamba anaweza. Ukimpa kitu ambacho kila mtu anacho, anakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo tunatengeneza kichache makusudi. Na huku chini tunatengeneza kidogo makusudi. Ndiyo kazi yenyewe, sitaificha.

MZEE MWALIMU: Umesema jambo kubwa, binti. Huku juu uchache ni heshima, huku chini udogo ni bei. Na kote kuwili gramu imetoka machoni pa mteja. Wa juu haiulizi kwa sababu haimhusu. Wa chini haiulizi kwa sababu mkononi ana mia tano tu.

MANGI: Lakini msidhani hao wakubwa wanajua kila kitu. Mimi nimeyaona. Wenye supamaketi za Shoprite walikuja kwa mbwembwe, mwaka 2014 wakauza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt. Wenzao wa supamaketi za Uchumi wakafunga milango yao hapa 2015. Nakumatt nao wakaanguka, kwao Kenya na huku kwetu. Rafu ndefu, taa nyeupe, kiyoyozi. Mimi na dirisha langu la nondo tupo. Unajua kwa nini? Wao walitaka mteja mwenye mshahara. Mimi namjua mteja asiye nao, na namjua mpaka siku anayopata.

Mangi anasema kweli, ingawa si yote. Maduka yale yaliangushwa pia na madeni na uendeshaji mbovu. Hata hivyo lililobaki ni kweli: duka la mtaani ndilo linalobeba mzunguko wa pesa wa watu wa kawaida. Ndiyo benki yao na ndiyo stoo yao.

Tukahamia kwenye kupungua kwa vipimo, nikitarajia Mama Ntilie awashambulie wenye viwanda. Akaanza kwa kujitaja mwenyewe.

MAMA NTILIE: Nisije nikasema ya watu nikaacha yangu. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, ngano ikapanda. Andazi nilikuwa nauza mia. Nikajaribu mia na hamsini, watu wakanuna, na chenji ya hamsini haipatikani. Nikarudi mia, nikapunguza donge. Kila mtu aliona. Mmoja aliliinua juu akauliza, "Mama, hili andazi au kifungo?" Tukacheka, akanunua matatu. Aliliona kabla hajatoa pesa. Lakini mkate wa dukani ukipungua, karatasi ni ileile, picha ni ileile, bei ni ileile, na gramu zimeandikwa mgongoni kwa herufi za sisimizi. Huo mkate haujaniambia kama mimi nilivyomwambia mteja wangu.

AFISA MASOKO: Sheria inasema tuandike uzito, na tunaandika.

MAMA NTILIE: Mnaandika ili mkishtakiwa muonyeshe. Hamwandiki ili nisome.

MZEE MWALIMU: Tofauti hiyo ya Mama, nchi nyingine imeshaitungia kanuni. Septemba 2023 Carrefour huko Ufaransa waliweka vibandiko kwenye bidhaa 26 kuwatangazia wateja kwamba ujazo umepungua bila bei kupungua. Walikuwa kwenye mvutano wa bei na wenye viwanda, kwa hiyo haikuwa sadaka. Lakini kuanzia Julai 1, 2024 serikali ya Ufaransa ikayalazimisha maduka yenye ukubwa unaozidi mita za mraba 400 kubandika tangazo kama hilo kwa miezi miwili. Mtengenezaji hakukatazwa kupunguza. Alinyimwa ukimya.

MANGI: Mita mia nne! Duka langu halifiki kumi. Kibandiko nitakibandika wapi, kwenye karatasi ya kukunjia sukari?

Swali la Mangi ni la haki na lisifunikwe na kicheko. Kanuni nyingi za kumlinda mlaji zimeandikwa kwa kufikiria rafu na pakiti. Kwetu kiasi kikubwa cha chakula kinapita kwenye kopo, fungu na kijiko. Wakala wa Vipimo wanahakiki mizani, na kwa miaka mingi wamepambana na lumbesa, ule ujazo wa gunia uliopachikwa kilemba juu unaompunja mkulima. Mkulima anapunjwa kwa kuongezewa kipimo, mlaji anapunjwa kwa kupunguziwa. Viazi vilevile vinamuumiza mtu shambani na mwingine mjini, na katikati yao ujazo umebadilika mara nne au tano bila mzani kuguswa.

Hapo tukawa tumeshaingia kwenye siasa.

MZEE MWALIMU: Vijana mnadhani siasa ilianza juzi. Mwaka 1976 palikuwa na Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yalifungwa vijijini ili yachukuliwe na maduka ya ushirika. Nia ilikuwa kumkinga mwananchi na mlanguzi. Ushirika ulikuwa haujawa tayari, bidhaa zikakosa pa kupita, na serikali ikalazimika kulegeza. Miaka michache baadaye nimepanga foleni ya sukari na sabuni. Mwaka 1983 ilipokuja vita dhidi ya wahujumu uchumi, kuna watu walitupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Wakati huo kipande cha sabuni ya kuogea kilikuwa anasa kuliko manukato ya leo, na aliyekipata ni mwenye ndugu kwenye shirika la biashara la mkoa. Kwa hiyo upekee hautengenezwi na matajiri peke yao. Uhaba uliotengenezwa na amri nao unazaa wateule.

MANGI: Na ruksa ya biashara ilipokuja, baba yangu akafungua duka. Mimi ni mtoto wa ruksa. Lakini hata leo siasa inaingia dukani kila wiki. Machi 1, 2017 viroba vya pombe vikapigwa marufuku. Nilibaki na mzigo.

MAMA NTILIE: Mimi sikulia. Vifuko vile nilivifagia mbele ya meza yangu kila asubuhi. Kondakta anakunywa kabla ya zamu, mtoto wa shule anaficha kwenye soksi. Mnasema kidogo ni ukombozi, na kile nacho kilikuwa kidogo.

AFISA MASOKO: Nakubali madhara yake. Lakini tutazame nani aliguswa. Pombe ileile ilibaki kwenye chupa kwa mwenye hela ya chupa. Tulichokataza ni kipimo cha maskini.

MAMA NTILIE: Kilichokuwa kinaua ni kipimo cha maskini, mwanangu. Mwenye chupa ana mke wa kumwuliza chupa imetoka wapi. Kiroba hakiulizwi, kinaingia mfuko wa shati.

Naungana na Mama hapa bila kusitasita. Kufananisha mafuta ya mia tatu na kiroba ni kufumba macho. Kipimo kidogo cha chakula kinamsaidia mtu aishi mpaka kesho. Kipimo kidogo cha pombe kali kilibuniwa ili bei isiwe kizuizi kwa mtu yeyote, hata mtoto. Serikali ilifanya vyema. Ilikosea kuishia hapo, kana kwamba kazi yake kwenye vipimo vidogo ni kukataza tu.

MANGI: Ikaja Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki. Zamani mafuta ya mia mbili nilikuwa nayafunga kwenye kinailoni, fundo moja, mtoto anaondoka nayo. Siku hizi mtoto anakuja na chupa yake ya maji. Asipokuwa na chupa haji. Mazingira yamepona, sikatai, mitaro ya huku unaiona. Lakini wa pakiti za kiwandani hawakuguswa, vipakiti vyao vya plastiki vinauzwa mpaka leo. Aliyeambiwa abadilike ni mimi na huyo mtoto.

AFISA MASOKO: Kifungashio cha kiwandani kiliachwa kwa sababu za usalama wa bidhaa.

MANGI: Kiliachwa kwa sababu nyie mna ofisi ya kwenda kuongea.

AFISA MASOKO: Hilo nalo lipo.

Kila mtu alitulia kidogo, nami nikaongeza mifano inayoonyesha kwamba hata mteja wa chini ana nguvu ya kisiasa akipaza sauti. Aprili 2, 2021 makampuni ya simu yalileta bei mpya za vifurushi, kelele zikawa kubwa kiasi kwamba serikali ilizisitisha mara moja. Julai 15 mwaka huohuo zikaanza tozo za miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakarudi kubeba pesa taslimu na kutumiana kwa mkono wa kondakta wa basi. Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000. Hakuna kiongozi aliyekaa akagundua peke yake kwamba zilikuwa nzito. Wateja waliacha kutumia huduma, na mapato yakasema. Kenya ni hivyohivyo: kodi ya asilimia 16 kwenye mkate ilikuwa ndani ya Muswada wa Fedha wa 2024, ikaondolewa kabla ya kura, na muswada wenyewe ukakataliwa na Rais Ruto siku moja baada ya vijana kuingia bungeni Juni 25. Damu ilimwagika kufika hapo, na si haki kuitaja bei ya mkate bila kuitaja.

MZEE MWALIMU: Lakini mwangalie na sukari. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, bei ikaruka. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Bungeni pakawaka moto juu ya nani alipewa vibali vya kuagiza, hadi mbunge aliyemshutumu waziri akasimamishwa vikao 15. Nani aliathirika zaidi? Bei elekezi ilitangazwa kwa kilo. Mama ananunua ya mia tano.

MAMA NTILIE: Afisa wa serikali alikuja kukagua akamkuta Mangi na karatasi ya bei ya kilo ukutani, sawasawa na gazeti. Akaondoka ameridhika. Mimi nilipimiwa kijiko.

MANGI: Na Julai 2025 wakatoa amri biashara 15 zisifanywe na wageni, maduka ya jumla na rejareja yakiwemo. Nilifurahi. Kariakoo wenzetu walikuwa wanashindana na mtu mwenye kiwanda kwao, anayeuza jumla na rejareja kwenye fremu moja.

MZEE MWALIMU: Nakuelewa. Ila soma vizuri, supamaketi imeruhusiwa. Mgeni mwenye mtaji mkubwa anakaribishwa na mwenye mtaji mdogo anafungiwa. Na Wakenya wakalalamika kwamba tuko jumuiya moja. Jiulize pia hii: bei ya Mama imeshuka?

MANGI: Bado.

MZEE MWALIMU: Basi umelindwa wewe. Si vibaya ulindwe, una familia. Lakini tusiite hiyo kumlinda mlaji.

Hadi hapa mtu angeweza kusema kwamba bei ya chini kwa mnunuzi mdogo haiwezekani, kwamba udogo una gharama na gharama lazima ilipwe na anayeutaka. Nina jibu, na liko ukutani kwenye nyumba nyingi: mita ya umeme ya kulipia kabla, LUKU. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa TANESCO aliye daraja la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti, kodi ikiwa pembeni. Akizidi, uniti za ziada ni 350 kila moja. Hesabu ya Mangi imegeuzwa juu chini. Anayetumia kidogo analipa kidogo kwa kila kipimo, na anaweza kununua umeme wa elfu moja kwa simu bila kupoteza bei yake. Kuna watu waliketi wakaamua hivyo, na nguzo za umeme hazikuanguka.

MAMA NTILIE: Ngoja hapo, mwandishi. Hiyo D1 naisikia tu. Kwetu tumepanga vyumba sita, mita moja. Uniti 75 zinaisha kabla mwezi haujafika katikati, na nyumba nzima inahesabiwa kama tajiri mmoja. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Jengo la baba mwenye nyumba, vocha ya wapangaji.

Amenisahihishia mfano wangu bila kuuvunja. Nia ilikuwa njema na kipimo kilikuwa mita, wakati maisha ya mjini ni chumba. Aliyepanga bei hakumwona mpangaji. Nadhani huo ndio ugonjwa wa sera zetu nyingi za mlaji: zinamwona mwenye nyumba, mwenye pakiti, mwenye kilo. Kwenye gesi ya kupikia nako serikali imezindua mkakati wa nishati safi wa 2024 hadi 2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania, lakini mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa mkupuo na mkaa unauzwa kwa kopo. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo zilishajaribiwa hapahapa Dar es Salaam. Bila bei ya kidogo, kopo litaendelea kushinda hata kama mwisho wa mwezi limekuwa ghali.

Nikawauliza wote wataje jambo moja ambalo wangekubali lifanyike, hata kama linawagharimu.

AFISA MASOKO: Bei ya kilo moja iandikwe mbele ya kila pakiti, ndogo na kubwa, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la bidhaa. Nasema hivi nikijua mauzo ya vipakiti yanaweza kuyumba. Lakini iwe sheria kwa wote. Nikianza peke yangu, mshindani wangu atanimaliza na bosi wangu atanifukuza.

MZEE MWALIMU: Bei elekezi yoyote itakayotangazwa, itangazwe pia kwa robo na kwa gramu 100. Na bei ya D1 ihesabiwe kwa kaya, si kwa mita.

MANGI: Mzani wa dijitali ukihakikiwa kwa ada ninayoiweza, nitauweka mezani, mteja asome mwenyewe. Wa sasa naambiwa nilipie ukaguzi kila mwaka, na siku ya ukaguzi duka limefungwa. Mkitaka niwe mkweli msinilipishe ukweli.

MAMA NTILIE: Mimi sisubiri sheria. Kwenye kikoba chetu tuko kumi. Kila mmoja akiweka mia tano kwa siku, kwa siku 26 ana 13,000, na kumi tuna 130,000. Ni mfuko mzima, kilo tano kila mtu. Sasa Mangi, wewe una mkokoteni na unajua pa kujumua. Tukikupa pesa mkononi, bila daftari, bila kuchota, utatuletea mfuko kwa ngapi?

MANGI: Nikiuchota wa mia tano mfuko huo unanipa faida ya 26,250. Mnataka niitupe?

MAMA NTILIE: Unaipata kwa siku ngapi, na wangapi wanakufa na deni lako?

MANGI: 2,800 kwa kilo.

MAMA NTILIE: 2,700.

MANGI: Nauli ya mkokoteni je? 2,750, na mlete pesa kabla.

MAMA NTILIE: 2,750, kinachopungua tutaongeza, na tupime hapahapa mbele ya wote kumi. Tulishachanga siku tisa, Mangi. Jiandae mwisho wa mwezi.